Habari Isiyo na Kilio

Mwezi uliopita nilipita nyuma ya shule moja ya msingi pale Nyasubi, Kahama, nikasikia harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nimalize shule. Watoto walikuwa wanapaka ubao. Walikuwa wametwanga mkaa wakauchanganya na majani ya viazi vitamu, na wawili kati yao walisugua kwa viganja mpaka mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Ni harufu ya majani mabichi yaliyopondwa na ya moto uliokufa. Nilisimama na mzigo wangu begani, watu wakinipita pembeni, na kwa kitambo sikuweza kukumbuka nilikuwa nakwenda wapi. Nilikuwa nimerudi darasa la nne, kijijini kwetu, upande wa Ushirombo, mwaka ule ambao baba alikwenda Geita.

Wenzangu tuliosoma miaka ile mnakumbuka kipindi cha ufahamu. Mwalimu anaandika habari ubaoni, na chini yake maswali. Sisi tulikuwa na ujanja wetu, sijui nani aliuanzisha, kwa sababu kaka zetu walikuwa nao kabla yetu. Ukiulizwa Juma alikwenda wapi, unatafuta neno Juma, unatafuta neno alikwenda, unanakili sentensi yote mpaka kwenye nukta. Unapata vema. Hukuhitaji kujua Juma ni nani, wala kama huko alikokwenda ni mbali au karibu. Nyumbani tulisema Kisukuma, shuleni Kiswahili, na Kiswahili kina wema wake: ukishazijua silabi unaweza kukisoma chote kwa sauti, hata kile usichokielewa. Mimi nilikuwa msomaji mzuri. Nilikuwa mtoto wa aibu, mtu akinisalimia njiani natazama miguu yangu, lakini kusoma kwa sauti hakukunitisha kwa kuwa maneno hayakuwa yangu. Niliyapitia moja baada ya jingine kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, asiyetazama maji.

Ndipo akaja Mwalimu Namkunda. Alitoka Upareni, mbali sana na kwetu, akapewa chumba kimoja karibu na shule na darasa letu lote. Siku zake za kwanza alinisimamisha nisome habari ya mzee mmoja na ng'ombe wake. Nikasoma bila kukwama.

"Umesoma vizuri sana," alisema. "Sasa funga kitabu. Ng'ombe wa mzee huyu amepatwa na nini?"

Nikafungua kitabu.

"Nimesema funga."

Nikafunga. Kichwani mwangu hapakuwa na ng'ombe wala mzee. Kutoka dawati la nyuma, Kulwa, ambaye alikuwa hawezi kukaa kimya hata kanisani, akasema, "Mwalimu, huyo ni redio. Redio haijui inachosema."

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akamgeukia. "Haya Kulwa, tuambie wewe. Ng'ombe amepatwa na nini?"

"Mwalimu, mimi nilikuwa nasikiliza redio."

Jina hilo la Redio lilinikaa mpaka nikamaliza shule. Lakini kuanzia siku ile Mwalimu Namkunda alibadilisha kila kitu. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao chenye kamba, na mtoto aliyeteleza akasema Kisukuma alivishwa shingoni mpaka amkamate mwingine. Mwalimu alikichukua akakiweka juu ya dirisha, akasema katika kipindi cha ufahamu kibao hakina kazi. Tulisoma sehemu fupi kimya, midomo imefumbwa, jambo ambalo lilitushinda kwa siku nyingi. Kisha tulifumba macho, na yeye akauliza tunaona nini. Kisha kila mtoto alimgeukia jirani yake akamweleza habari ile kwa Kisukuma, kama anavyomweleza mama yake jambo aliloliona kisimani, na jirani akairudisha kwa Kiswahili mbele ya darasa. Jirani yangu alikuwa Masanja, mtoto mzito wa maneno, mwenye macho ya kuona kila kitu. Masanja alikuwa akinisikiliza, halafu anasema polepole, "Hapo umeruka. Huyo mzee alikasirika kwanza ndipo akaondoka." Na kweli nilikuwa nimeruka.

Vitabu vilikuwa vichache, tunagombea kimoja dawati zima, kwa hiyo mwalimu aliandika habari zake mwenyewe ubaoni. Alizunguka kijijini jioni, akaulizauliza, na kesho yake tulikuta mambo yetu yameandikwa kwa Kiswahili chake kizuri. Siku moja aliandika habari ya mama aliyeinua kifuniko cha chungu, akakirudisha, akawaambia watoto wake wakalale. Swali likasema: Je, chakula kilikuwepo? Tukalitafuta neno chakula kwenye habari. Halikuwemo.

"Mwalimu," Masanja alisema, "umesahau kuandika jibu."

"Sikusahau."

Msichana mmoja wa mbele akasema kwa sauti ndogo kwamba hakikuwepo.

"Umejuaje?"

"Kingekuwepo angepakua."

Nakumbuka jinsi mwalimu alivyopiga makofi, vumbi la chaki likaruka. Nami nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Nilimwona yule mama, na mkono wake juu ya kifuniko. Nikajua kwamba nyuma ya maneno kuna watu, na wanafanya mambo ambayo maneno hayakuyataja. Kwa mtoto kama mimi hilo lilikuwa jambo kubwa. Nilianza kwenda shule mapema.

Baba hakuwepo kuniona. Pamba yetu mwaka ule ilikuwa imeungua na jua, na yeye na rafiki yake Shija walifunga nguo zao kwenye baiskeli wakaenda Geita kuchimba dhahabu, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu. Aliniambia akiwa tayari ameshika usukani, "Mvua za kwanza zikinyesha nitakuwa hapa. Kulima hatumwachii mama yako." Baba hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Kwa hiyo nilizingoja mvua kama watoto wengine wanavyoingoja Krismasi.

Zikanyesha. Harufu ya udongo ikajaa ndani ya nyumba, mama akatoa majembe, na kila jioni niliposikia baiskeli nilikimbia mpaka kwenye katani zilizopandwa mwisho wa boma letu. Siku moja kweli ilikuwa baiskeli ya Shija. Lakini Shija alikuwa peke yake. Sikumwamkia, maana hakunipa nafasi. Alinipita kana kwamba mimi ni mti. Aliingia kwa Bibi, mama yake baba, na mama akaitwa. Mimi nilibaki nje nikishika baiskeli ile, nikiipangusa matope. Ndani niliwasikia wakisema chinichini, kisha sauti ya Bibi ikapanda peke yake:

"Macho yangu hayajaona! Mlete nimwone, ndipo nilie. Hakuna atakayelia katika boma hili kwa maneno ya barabarani!"

Nilielewa hivi: Shija ameleta habari kwamba baba amepata dhahabu, na Bibi hataki kuamini wala mtu alie kwa furaha mpaka amwone. Nilifurahi. Nilimwonea Bibi huruma kwa kuwa na moyo mgumu kiasi kile.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Udongo ulikuwa umelowa vizuri, laini, siku ambayo kwa kawaida kijiji kizima kinaamkia shambani kabla jua halijatoka. Hakuna aliyekwenda. Majembe ya jirani zetu yalikuwa yameegemezwa ukutani, makavu. Watu wakaanza kuja kwetu, mmoja mmoja, wakiamkia "Mwangaluka" kwa sauti ya chini, wakakaa uani, wanaume upande wa zizi, wanawake karibu na jiko. Mama yake Masanja alileta uji. Bibi alikaa mlangoni kwake, mgongo umenyooka, akimtazama kila anayeingia kana kwamba anamzuia kitu. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyelia. Nilidhani wamekuja kumngoja baba pamoja nasi. Niliwapenda sana watu wale siku ile. Niliwaletea maji, nikamwambia mzee mmoja, "Baba atafurahi kuwakuta wengi," naye akanishika kichwa, akakishika muda mrefu.

Jua lilipopinda wakaondoka. Baba hakuja. Jumatatu watu walirudi mashambani, nami nikarudi shule, na watoto wakawa wapole kwangu kwa namna ambayo sikuiuliza. Hata Kulwa hakuniita Redio.

Mwalimu Namkunda hakuwepo kijijini Jumamosi ile. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na alikuwa amekwenda Kahama kufuata mshahara, kama walimu wote. Aliporudi hakuna aliyemweleza. Nadhani watu wazima walikubaliana kuyafuata maneno ya Bibi, kwamba msiba ambao haujaonwa hausemwi, na watoto wao waliambiwa wanyamaze. Mgeni kama yeye angeambiwa nini?

Wiki kadhaa baadaye alifariki mzee mmoja wa kitongoji cha pili, mzee aliyekula chumvi nyingi. Alizikwa kwa vilio vyote vinavyostahili. Mwalimu alikwenda msibani, akashangaa kuona mashamba matupu katikati ya msimu. Akauliza, akaelezwa kwamba kwetu siku ya msiba jembe halishikwi, hata mvua ikiwa nzuri namna gani. Lilimpendeza jambo hilo. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu, alilichukua akalipeleka ubaoni.

Asubuhi ile tuliingia tukakuta habari imeshaandikwa, mistari imenyooka kama matuta. Tuliisoma kimya. Habari ilisema kwamba mvua ilinyesha usiku kucha, na udongo ukawa laini. Asubuhi majembe yalibaki yameegemea ukuta. Watu walitoka majumbani mwao wakaenda kwenye boma moja, wakakaa uani. Mama mmoja alileta uji. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyelia. Jua lilipopinda, wakaondoka.

Baadaye alinieleza mwenyewe kwamba kilio alikiondoa makusudi. Katika msiba alioushuhudia walilia sana, lakini angeandika kilio jibu lingekuwa wazi mno, na darasa lake sasa lilikuwa limeshavuka maswali ya namna hiyo.

"Haya," alisema. "Kwa nini watu hawakwenda shamba?"

Siku hizo akiuliza swali la aina ile mikono ilipanda kabla hajamaliza, na wengine walisimama kabisa, "Mimi Mwalimu! Mimi Mwalimu!" Asubuhi ile haukupanda mkono hata mmoja. Niligeuka nikawatazama wenzangu. Wote walikuwa wanatazama madawati. Nikafikiri, hawajajua. Swali limewashinda wote, na mimi ninalijua. Mkono wangu, ambao haukuwahi kupanda tangu nianze shule, niliuona unapanda.

Mwalimu alitabasamu mpaka macho yakafumba. "Haya, simama. Tuambie."

"Kuna mtu amekufa, Mwalimu."

"Vizuri sana! Umejuaje? Habari haikusema."

"Udongo umelowa, na majembe hayajashikwa. Kwetu mtu akifa jembe halishikwi."

"Na amekufa wa nyumba ipi?"

"Ya hilo boma walilokwenda kukaa."

"Wamekwenda kufanya nini?"

"Kukaa na wenye msiba."

Sikuwahi kusema maneno mengi namna ile mbele ya watu. Yalikuja yenyewe, na yalikuwa yangu. Mwalimu alikuwa ameacha meza yake, anakuja kwangu, chaki mkononi, furaha imemjaa usoni. Masanja pembeni yangu alinivuta kaptura. Sikumjali.

"Sasa swali la mwisho," mwalimu alisema, "na hili ni gumu. Kama kuna msiba, mbona hakuna anayelia?"

Nilifumba macho, kama alivyotufundisha, nione. Niliona ua. Niliona wanaume upande wa zizi. Niliona uji, na nikamwona anayeuleta. Nikamwona mtu aliyekaa mlangoni, mgongo umenyooka.

"Kwa sababu," nilisema, "kwa sababu aliyekufa hawajamwona. Hajaletwa. Kwa hiyo kuna mtu amekataza—"

Sikumaliza.

"Mwalimu," Masanja alisema, "mwache."

"Kwa nini nimwache? Anajibu vizuri kuliko—"

"Mwache, Mwalimu. Tafadhali."

Kutoka nyuma ilisikika sauti ya mtu anayelia. Alikuwa Kulwa. Alikuwa ameweka kichwa juu ya dawati na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mwalimu alimtazama Kulwa, akamtazama Masanja, akatazama watoto wote wasiotaka kuinua nyuso zao. Kisha akaniangalia mimi. Alikuwa ametufundisha kujua jambo lisilosemwa, na nadhani alilijua wakati uleule nilipolijua mimi. Chaki ilimtoka mkononi. Alirudi ubaoni, akaanza kuifuta ile habari kwa kiganja, haraka, hakuitafuta hata dasta.

Nilitoka. Hakuna aliyenizuia. Njia ya kwenda kwetu ilikuwa na matope, nami niliifuata nikirudia ndani ya kichwa changu: anajibu vizuri, anajibu vizuri.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anabangua karanga za mbegu kwenye ungo. Aliniona nakuja saa ambayo si ya kutoka shule, lakini hakuuliza. Nilikaa mbele yake.

"Mama, siku ile hatukulima."

Vidole vyake vikasimama. "Siku ipi?"

"Ile ambayo watu walikaa hapa."

"Ndiyo," alisema. "Hatukulima."

"Ni baba."

Mama alitazama upande wa nyumba ya Bibi. Kisha akaniambia, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba mvua ileile tuliyokuwa tukiingoja huku ilinyesha Geita pia. Baba alikuwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, na Shija alikuwa juu akishika kamba. Udongo ulilowa, ukaporomoka. Walichimba wakashindwa, na waliokuwa wakichimba nao walikaribia kufukiwa, wakaacha. Baba hakutolewa.

"Nani kakuambia?" Bibi alikuwa amesimama pembeni ya nyumba. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. "Nani kamwambia mtoto? Wewe?"

"Sikumwambia, mama," mama alijibu. "Wala hakuna aliyemwambia. Amejua mwenyewe."

Bibi alinitazama. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, na kwa wiki zote zile alikuwa amewanyamazisha watu wazima kwa kuwatazama tu. Nilingoja aninyamazishe na mimi. Naona sasa kwamba alikuwa na njia ya kumkatalia Shija, ambaye alileta maneno ya barabarani. Lakini mimi sikuleta maneno ya mtu. Nilikuwa nimeyatoa uani kwake.

"Basi," alisema.

Akakaa chini, palepale kwenye matope, akavua kitambaa chake cha kichwani. Na mama akausukuma ungo pembeni, karanga zikamwagika, akapiga yowe ambalo lilikuwa ndani yake tangu siku ile ya baiskeli.

Watu walikuwa mashambani. Nilisimama nikawaona wanavyonyooka migongo mmoja baada ya mwingine, huku na kule bondeni, wanasikiliza. Hakuna aliyeuliza ni kilio cha nani. Waliangusha majembe palepale walipokuwa, katikati ya mstari, wakaja wakikimbia na matope miguuni, wanawake wakilia kabla hawajafika, kama watu ambao wamekuwa wakisubiri mlango ufunguliwe. Ua ulijaa. Masanja alikuja moja kwa moja kutoka shule, na Mwalimu Namkunda nyuma yake, akakaa na wanawake, mkono wake bado mweupe kwa chaki.

Mama yake Masanja alinikuta nimesimama ukutani, akanivuta kifuani kwake. Alinukia udongo na jasho.

"Lia na wewe, ng'wana wane," alisema. "Lia mwanangu, sasa ruhusa."

Nilijaribu. Nilikunja uso, nikangoja. Wote walikuwa wanalia, Bibi pia, kwa sauti yake kubwa, akimwita baba kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Mimi machozi hayakuja. Kifuani mwangu bado ilikuwemo ile furaha ya kuinua mkono na kupata jibu, na nilikuwa sijui niiweke wapi.